Anza na kichwa cha printa, ndipo uchague wino: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanunuzi wengi wa wino huuliza rangi na bei, basi. Wachache huuliza printa yao inalitoaje tone kwenye tundu, ilhali hilo ndilo linaloamua wino uwe mwepesi au mzito, wa maji au wa mafuta, uvumilie joto au usivumilie. Chupa mbili za wino mweusi zinaweza kufanana kwa macho, zikafanana hata kwenye karatasi ya kwanza utakayochapa, kumbe moja itaziba kichwa, ile sehemu ya printa inayorusha wino, kabla hujafika nusu yake. Mwongozo huu unaanzia kwenye kichwa, kwa sababu wino hutengenezwa kufuata kichwa.

Hatua ya 1: Jua kichwa chako ni cha aina gani

Printa nyingi za wino za nyumbani na ofisini zina kichwa cha mojawapo ya aina mbili. Kuna kichwa cha joto, ambacho huchemsha wino kidogo ili mvuke usukume tone. HP na Canon wamejenga printa zao za mezani juu ya njia hii. Halafu kuna kichwa cha piezo, ambacho hubana wino kwa kipande cha seramiki kinachojikunja kikipewa umeme. Hiyo ndiyo njia ya Epson na Brother. Mashine kubwa za mabango, vigae, vitambaa na vifungashio nyingi ni za piezo, isipokuwa zile za HP za lateksi (wino wa maji wenye chembe za jamii ya plastiki), ambazo hutumia joto.

Kama huna kijitabu cha printa, toa katriji uigeuze. Ukiona chini yake kibati chembamba chenye mistari ya vitundu vidogo mno, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, na karibu kila mara hicho ni kichwa cha joto. Kama katriji ni chombo cha wino tu chenye mlango wa kutokea, kichwa kimebaki ndani ya printa, na hapo huwezi kukata shauri kwa macho. Tafuta jina la modeli na usome maelezo ya mtengenezaji.

Ipo njia ya tatu, ya mkondo usiokatika, inayotumika viwandani kuandika tarehe za mwisho wa matumizi kwenye chupa na makopo. Pampu hutoa mkondo wa wino muda wote, mtetemo unaukata kuwa matone, matone yanayohitajika yanachajiwa umeme na kupindishwa kwenda kwenye chupa, na mengine yote yanarudi tangini. Kwa hiyo wino wake sharti upitishe umeme, tena hukauka haraka sana kwa kuwa umejaa kiyeyushi chepesi. Kiyeyushi hicho huvukizwa kila wino unapozunguka, ndiyo maana mashine hizo huongezewa kimiminika cha kurudisha wepesi mara kwa mara. Usijaribu kamwe kutumia wino huo kwenye printa ya kawaida. Tusonge.

Hatua ya 2: Kama ni kichwa cha joto, elewa wino unachopitia

Mwaka 1977 watafiti wa Canon waliona ncha ya moto ya chuma cha kulehemu ikigusa sindano ya bomba lenye wino, na wino ukaruka. Miaka michache baadaye HP nao walifika kwenye wazo hilohilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa ThinkJet. Tangu hapo kanuni haijabadilika.

Ndani ya kila chumba cha wino, kilicho kidogo kuliko unene wa unywele, kuna kipasha joto bapa. Umeme hupita hapo kwa mikrosekunde chache tu. Utando mwembamba wa wino ulioshikana na kipasha joto hupanda hadi kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, mbali juu ya nyuzi 100 tulizozoea maji kuchemka, kwa kuwa maji hayakupewa nafasi ya kuchemka polepole. Yanageuka mvuke kwa mlipuko mmoja. Povu linavimba, tone linatoka, povu linaporomoka, na wino mpya unavutwa kujaza pengo. Hayo hutokea maelfu ya mara kwa sekunde, kwenye kila tundu.

Mazingira hayo yanadai mambo manne kwenye wino. La kwanza, lazima uwe na maji mengi, kwa sababu maji ndiyo yanayogeuka mvuke. Wino wa mafuta, au wa UV (unaogandishwa na taa) usio na maji, hauwezi kuruka kwenye kichwa hiki hata ukiubembeleza. La pili, uwe mwepesi: mnato wake huwa milipaskali-sekunde 1 hadi 3 hivi, yaani mzito kidogo tu kuliko maji, ili chumba kijae upya kwa wakati.

La tatu ndilo wauzaji wa wino wa bei ya chini hawalitaji: usafi. Kila mlipuko huacha alama. Chumvi, mabaki ya madini na rangi isiyostahimili moto huungua na kuganda juu ya kipasha joto kama ukoko chini ya sufuria. Ukoko ukiongezeka, joto halifiki kwenye wino vizuri, povu linadhoofika, matone yanapungua na chapa inafifia. Mtumiaji atasema wino umeisha, akiutazama ndani ya katriji anauona umejaa tele. Wino mzuri wa kichwa cha joto husafishwa chumvi kabla ya kuwekwa kwenye chupa, na gharama yake inatoka hapo.

La nne linakuhusu wewe kuliko mtengenezaji. Wino ndio unaopooza kichwa hiki. Ukiendelea kuchapa katriji ikiwa kavu, kipasha joto kinawaka bila kitu cha kubeba joto lake, na kinaungua moja kwa moja. Anayejaza katriji mwenyewe ajaze kabla haijakauka, asingoje karatasi itoke nyeupe.

Hatua ya 3: Kama ni piezo, fahamu uhuru wake na udhaifu wake

Kwenye piezo hakuna kinachochemka. Seramiki inajikunja, ukuta wa chumba unasogea, wino unabanwa, tone linatoka. Kwa kuwa nguvu inatoka kwenye ukuta na si kwenye maji, wino unaweza kuwa wa maji, wa solventi (yaani kiyeyushi), wa mafuta, wa UV, hata nta iliyoyeyushwa. Ndiyo sababu karibu kila wino wa kazi maalumu umetengenezewa piezo: wa sablimesheni (ambao joto huugeuza mvuke unaoingia kwenye kitambaa), wa solventi wa mabango, mweupe wa fulana, wa kuchapa kwenye kioo na mbao.

Jambo la pili ni kwamba umeme unaopelekwa kwenye seramiki unaweza kuchongwa. Printa huvuta wino ndani kidogo kwanza, halafu inausukuma, halafu inatuliza mtikisiko uliobaki. Kwa kubadili umbo la wimbi hilo, tundu lilelile hutoa tone dogo au kubwa. Ila wimbi hilo limepangwa kwa mnato fulani. Ukiweka wino mwepesi kupita kiasi, mtikisiko hautulii kabla ya tone linalofuata, na unapata vijitone vya ziada pembeni ya herufi, au wino unadondoka wenyewe. Ukiweka mzito, chumba hakijai kwa wakati na mistari mirefu ya rangi inaanza kukatika katikati ya ukurasa.

Printa za piezo za mezani hutumia wino wa milipaskali-sekunde 3 hadi 5 hivi. Vichwa vya viwandani hupenda 8 hadi 15. Wino wa UV ukiwa baridi ni mzito kuliko hapo, kwa hiyo kichwa chake hupashwa moto, mara nyingi hadi nyuzi 40 au 50, ili ulegee. Mwenye mashine ya aina hiyo asianze kuchapa asubuhi kabla kichwa hakijafika kwenye joto lake. Hapo haraka haraka haina baraka kweli.

Udhaifu mkubwa wa piezo ni hewa. Kiputo kimoja kikiingia chumbani, ukuta ukibana, kinachobanwa ni kiputo badala ya wino. Nguvu inaishia humo, tundu linanyamaza. Wino wa piezo wa viwandani huondolewa hewa kabla ya kufungashwa. Ukitikisa chupa kwa fujo kisha ukamimina hapohapo kwenye tenki, umerudisha kile walichokiondoa. Igeuze chupa taratibu, iache itulie, mimina ukiilaza pembeni.

Hatua ya 4: Soma namba tatu kwenye karatasi ya maelezo ya wino

Mtengenezaji wa maana hutoa karatasi ya vipimo. Asipokuwa nayo, unanunua mbuzi kwenye gunia.

Namba ya kwanza ni mnato, unaoandikwa mPa·s (ile milipaskali-sekunde) au cP, ambavyo ni kipimo kilekile. Angalia pia nyuzi joto zilizotajwa kando yake, maana wino wa 10 kwenye nyuzi 45 si wino wa 10 kwenye nyuzi 25.

Namba ya pili ni mvutano wa uso, yaani nguvu ambayo uso wa wino hujivuta nayo ukusanyike pamoja, kwa mN/m. Maji safi yana 72 hivi, na aina nyingi za wino hushushwa hadi kati ya 25 na 45 kwa kutumia kemikali za jamii ya sabuni. Ukiwa juu mno, wino haulowanishi njia za kichwa vizuri, na ukitua kwenye plastiki unajikusanya matone matone. Ukiwa chini mno, unatambaa nje ya tundu na kulowanisha uso wa kichwa, kisha matone yanatoka yamepinda. Kwenye karatasi ya kawaida, mvutano mdogo hufanya rangi isambae kwenye nyuzi za karatasi na herufi kuota manyoya.

Kwa anayependa hesabu, namba hizo mbili hukutana kwenye kanuni moja. Zidisha msongamano wa wino kwa mvutano wa uso kwa kipenyo cha tundu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, halafu gawanya kwa mnato. Vipimo viwe vya kilo, mita na paskali-sekunde. Wino wa msongamano 1000, mvutano 0.03, tundu la mikroni 30 na mnato 0.01 unatoa 3. Jibu la kati ya 1 na 10 ni dalili njema. Chini ya 1, unene wa wino unameza nguvu na tone halikatiki. Juu ya 10, tone linaacha vijitone nyuma yake. Fanya hesabu hiyo kwa maji matupu na tundu lilelile: utapata 46 hivi, na utaelewa kwa nini maji yenye rangi si wino. Kanuni hii ni ya kukadiria tu. Wino mwepesi wa vichwa vya joto mara nyingi huvuka 10 kidogo na bado unachapa vizuri, kwa hiyo usimkatae muuzaji kwa sababu ya hesabu peke yake.

Namba ya tatu ni ukubwa wa chembe, kama wino ni wa pigmenti. Hiyo inahitaji hatua yake.

Hatua ya 5: Tambua kama rangi imeyeyuka au inaelea

Kwenye aina moja ya wino, rangi imeyeyuka kabisa, kama chumvi kwenye maji. Kwenye aina nyingine, rangi ni chembe ngumu za pigmenti zinazoelea. Wino wa rangi iliyoyeyuka hung'aa, unapita kwenye matundu kwa urahisi, lakini hufifia juani mapema na wengi wake hukimbia ukiguswa na maji. Wa pigmenti hustahimili mwanga na maji zaidi, ila unahitaji uangalizi.

Kuutambua ni rahisi. Chapa mstari mnene kwenye karatasi ya kawaida, uache ukauke vizuri, kisha pitisha kidole chenye maji. Ukiacha mkia wa rangi, imeyeyuka. Ukibaki mahali pake, inaelekea ni pigmenti. Printa nyingi za ofisini hutumia pigmenti kwa weusi, ili maandishi yawe makali, na rangi iliyoyeyuka kwa zile nyingine. Kwa hiyo jaribu weusi na rangi nyingine kando kando, usihukumu yote kwa mmoja.

Chembe za pigmenti kwa kawaida huwa na nanomita 100 hadi 200. Tundu la mikroni 20 ni pana mara mia na zaidi ya chembe hiyo, hivyo chembe moja si tatizo. Tatizo ni zinaposhikana. Zinatenganishwa na polima (molekuli ndefu, kama za plastiki) au chaji za umeme kwenye nyuso zake, na ulinzi huo huvunjika kwa urahisi: ukichanganya wino wa kampuni mbili, ukiongeza maji ya bomba yenye madini, au wakati mwingine ukimimina spiriti ukidhani unasafisha. Chembe zikishikana hazirudi kuachana kwa kutikisa.

Wino mweupe ndio mkorofi kuliko wote. Rangi yake ni titani dioksidi, nzito zaidi ya mara nne ya maji, na chembe zake lazima ziwe kubwa kidogo ili zitawanye mwanga. Kwa hiyo unatua chini ukiwa kwenye chupa, kwenye mirija, na ndani ya kichwa chenyewe. Mashine zake huwa na pampu ya kuuzungusha. Isiyo na pampu inataka mkono wako kila siku, hata siku usiyo na kazi. Kama huna nidhamu hiyo, afadhali usinunue mashine ya wino mweupe.

Hatua ya 6: Linganisha wino na kinachochapwa

Kichwa kikikubali wino, bado karatasi ina neno lake. Karatasi ya picha yenye utando wa vinyweleo hunywa wino wa maji na kuushika karibu na uso. Pigmenti kwenye karatasi inayong'aa sana inaweza kukaa juu juu na kuonekana imefifia ukiitazama kwa pembeni. Plastiki na vinili hazinywi maji, ndiyo maana solventi inatumika: inalainisha uso kidogo na rangi inashika. Lateksi hufika huko kwa njia nyingine, wino wa maji wenye polima inayopashwa joto hadi iwe utando. Sablimesheni inataka poliesta, au kitu kilichopakwa poliesta, na joto la kubonyeza la nyuzi 190 hadi 200 hivi. Kwenye pamba tupu itafifia na kutoka na maji ya kufulia.

Wino wa UV haukauki kwa hewa. Unagandishwa na taa, na usipogandishwa sawasawa unabaki na kemikali zinazoweza kuamsha mzio wa ngozi. Vaa glavu unaposhika chupa au kufuta kichwa. Kwa solventi, fungua madirisha.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kumimina

Chukua bilauri safi ya kioo. Weka matone ya wino wa zamani na mapya, koroga, funika, acha hadi kesho yake. Inamisha bilauri mbele ya taa utazame wino unavyoteremka ukutani. Ukiteremka laini, sawa. Ukiona chenga, nyuzi, au mstari wa maji uliojitenga juu, wino hizo mbili hazielewani. Lazima mfumo wote uoshwe kwa kimiminika cha kusafishia cha aina husika kabla ya kubadili.

Usihame kutoka rangi iliyoyeyuka kwenda pigmenti, au kutoka maji kwenda solventi, kwenye mirija ileile kwa kumiminia tu juu. Kwa kichwa ambacho hakikuundwa kwa solventi, usihame kabisa: gundi na mipira yake italegea.

Hatua ya 8: Chapa ukurasa wa kukagua matundu, na uusome

Ukurasa huu huonyesha vistari vifupi vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja tundu lake. Usitazame tu kama vipo vyote. Tazama jinsi vinavyokosekana.

Pengo lililo palepale kila ukurasa ni tundu lililoziba au lililokufa. Mapengo yanayohama, leo hapa, ukurasa unaofuata pale, ni hewa. Hapo kusafisha kichwa mfululizo kunaweza kuvuta hewa zaidi, kwa hiyo zima printa, iache saa kadhaa, ujaribu tena. Vistari vilivyopo lakini vimepinda vinaonyesha wino uliokauka mdomoni mwa tundu au uso wa kichwa uliolowa. Rangi inayoanza vizuri juu ya ukurasa na kufifia kuelekea chini inasema wino haufiki kwa kasi, ama kwa sababu ni mzito au kwa sababu njia ya hewa ya tenki imezibwa. Angalia kizibo kwanza. Ni ajabu jinsi kinavyosahaulika.

Kila kusafisha kichwa kunakunywa wino na kuupeleka kwenye sponji ya taka, nayo ina mwisho wake. Ukifanya mara mbili au tatu bila mabadiliko, acha. Lowanisha kichwa kwa kimiminika chake, au maji yaliyotoneshwa (distilled) kama wino ni wa maji, usiku kucha.

Hatua ya 9: Usiache wino ukauke ukiwa umesimama

Wino wa maji huwekewa gliserini au vitu vya jamii hiyo ili usikauke mdomoni mwa tundu, lakini vikizidi, mnato unapanda na chapa inachelewa kukauka. Mtengenezaji amekadiria, na makadirio yake yanategemea uchape. Ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki unatosha kwa printa nyingi za mezani. Zima printa kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, kwa sababu kitufe ndicho kinachorudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Chupa zilizobaki zifunge, uziweke mbali na jua na baridi ya kugandisha. Wino wa pigmenti ulioganda ukayeyuka tena utupe, hata kama rangi yake bado inapendeza machoni.